Redio Kwanza, Gazeti Baadaye: Kulitangaza Darasa la Kisomo Bila Kulipia Matangazo

Darasa la kisomo cha watu wazima lina ugumu wake wa pekee: mtu unayemtafuta hawezi kusoma tangazo unalombandikia. Hawezi kusoma kipeperushi, wala ujumbe wa simu, wala ile habari nzuri ya nusu ukurasa iliyotoka gazetini na picha ya rangi. Tunaofanya kazi hii tumeona mara nyingi kikundi kikinunua nakala kumi za gazeti, kikawagawia wajumbe kwa furaha, halafu wiki nzima ikapita bila simu hata moja ya mtu anayetaka kuanza kusoma. Gazeti lilifanya kazi yake, ila kwa watu wengine. Lilimfikia afisa elimu, lilimfikia mfadhili, lilimfikia mwalimu mstaafu ambaye huenda angejitolea jioni mbili kwa wiki. Muuza dagaa hakulisoma.

Kwa hiyo kabla hamjampigia mwandishi yeyote, andikeni sentensi mbili kwenye karatasi: tunataka nani asikie, na akishasikia afanye nini. Mkitaka wanafunzi wapya 40, njia yenu ni redio. Mkitaka halmashauri iwape chumba cha darasa chenye taa, njia yenu ni gazeti na mitandao inayosomwa ofisini. Mkitaka vyote viwili, ni kazi mbili tofauti, zenye ujumbe tofauti na siku tofauti. Vikundi vinavyochanganya malengo haya huishia na habari inayosema kila kitu na isiyomtuma mtu yeyote popote.

Redio ipi, hilo haliamuliwi mezani. Pita sokoni, mwaloni, kwenye mashine ya kusaga na kwenye kijiwe cha bodaboda, uulize watu 30 maswali mawili tu: unasikiliza redio gani, na saa ngapi? Fanya hivyo asubuhi moja na jioni moja. Majibu huwashangaza viongozi wa vikundi, maana redio wanayoipenda wao ofisini si lazima iwe ndiyo inayosikika gengeni. Mama anayechoma maandazi saa 11 alfajiri ana simu yenye redio imening'inia kwenye msumari juu ya jiko, na ikifika saa 2 ameizima kwa sababu wateja wamejaa. Mkipewa nafasi ya kipindi saa 4 asubuhi, huyo hamumpati, hata kipindi kiwe kitamu namna gani.

Redio ndogo msizidharau. Leseni za utangazaji za TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zina ngazi, kuna za wilaya, za mkoa na za taifa, na kituo cha wilaya kinaishi kwa habari za wilaya hiyo hiyo. Darasa lenu la watu 30 kwenye kituo cha kitaifa ni sentensi moja mwishoni mwa taarifa ya habari, kama itapata bahati. Kwenye redio ya jamii kama Pangani FM, Redio Sengerema, au Redio Jamii Micheweni kule Pemba, darasa la namna hiyo linaweza kuwa kipindi kizima, na anayekisikia anaweza kufika darasani kwa mguu. Tena redio na kisomo si wageni kwa wenzao katika nchi hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza Redio Tanzania, mmoja akisoma kitabu na wengine wakijadili vyoo, maji na malaria. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wahariri wenye umri mkubwa wanaikumbuka historia hiyo, na wazazi wa wahariri vijana waliishi ndani yake. Ukiitaja katika simu ya kwanza, mazungumzo hupata mwanzo mzuri.

Kosa linalogharimu kuliko yote hufanyika kwenye anwani ya barua. Kikundi kinaandika "Kwa Meneja wa Kituo", kisha chini yake, kwa herufi kubwa, "YAH: OMBI LA MUDA WA HEWANI". Barua hiyo hupelekwa idara ya masoko, nayo inarudi na orodha ya bei. Hakuna aliyewaonea. Katika kituo cha biashara muda wa hewani ni bidhaa, kama mkate dukani. Habari haiuzwi. Habari inaamuliwa na mhariri wa habari, na mgeni wa kipindi anaamuliwa na mtayarishaji wa kipindi hicho. Andikeni kwa mmoja wa hao kwa jina lake, na neno "ombi la muda" msilitumie. Semeni mna jambo gani linalotokea, wapi, lini, na mna nani wa kuzungumza naye. Akisema kipindi hicho kina mdhamini na hakichukui wageni wa bure, mwulizeni kipi kinachukua. Karibu kila kituo kina kipindi cha asubuhi kinachotafuta mgeni, kipindi cha wanawake, kipindi cha elimu au afya, na nafasi ya matangazo ya kijamii.

Jina la mtu ndilo lenye thamani. Wekeni daftari, au jedwali kwenye kompyuta, lenye safu hizi: chombo, jina la mwandishi au mtayarishaji, simu, kipindi au dawati lake, siku anayopanga kazi za wiki, saa ya mwisho ya kupokea habari, na tarehe mliyozungumza naye mwisho. Majina 15 yaliyo hai yanazidi majina 200 yaliyonakiliwa kutoka kwenye mwaliko wa shirika jingine. Lipitieni kila miezi mitatu kwa kupiga simu, kwa sababu watangazaji wanahama vituo haraka kuliko watu wanavyodhani. Mikoani mahali pa kuanzia ni klabu ya waandishi wa habari ya mkoa. Klabu hizo zimeungana chini ya UTPC, muungano wa klabu za waandishi wa habari Tanzania. Nendeni mkajitambulishe siku ambayo hamna mnachoomba.

Mkifika huko mtaelewa jambo ambalo vikundi vingi havilijui: waandishi wengi wa mikoani ni wawakilishi wasio na mshahara wa mwezi. Wanalipwa kwa habari iliyotoka. Mwandishi akikaa kwenye hafla yenu tangu saa 3 hadi saa 8, kisha habari ikose nafasi, siku yake imekwenda bure na nauli ametoa mfukoni. Ukilielewa hilo, unajua la kumfanyia. Mfupishie kazi. Mpe habari iliyo karibu kuiva, takwimu alizokwisha kuzihakiki mtu, picha inayotumika, na watu wa kuzungumza nao kabla ya sherehe kuanza.

Taarifa kwa vyombo vya habari iwe ukurasa mmoja, maneno 250 hadi 350. Juu kabisa tarehe na maneno "Itumike mara moja", au siku na saa inayoruhusiwa kutumika. Kichwa kisizidi maneno kumi. Aya ya kwanza isizidi maneno 30 au 35, na ndani yake awemo mtu, tendo, mahali na siku. Aya ya pili inaeleza kwa nini jambo hilo lina uzito hapo wilayani. Kisha nukuu ya mwanakisomo, kisha ya mwalimu au kiongozi, kwa mpangilio huo. Mwishoni sentensi tatu kuhusu kikundi, na jina na simu ya mtu mmoja ambaye simu yake haizimwi.

Aya ya kwanza ndiyo huamua kama mhariri ataendelea kusoma. Tazama hii, ambayo kwa maneno haya haya au ya kufanana inaandikwa kila wiki: "Asasi isiyo ya kiserikali inayojishughulisha na uwezeshaji wa jamii, kwa kushirikiana na wadau mbalimbali wa maendeleo, inatarajia kufanya hafla ya uzinduzi wa awamu ya pili ya programu yake ya elimu jumuishi." Hakuna mtu ndani yake. Hakuna mahali, hakuna siku. Sasa hii, kwa watu na idadi ya mfano tu: "Wanawake 27 wauza dagaa, waliokuwa wakiweka dole gumba kwenye daftari la kikoba chao, Ijumaa hii wataandika majina yao wenyewe mbele ya wenzao, baada ya miezi tisa ya masomo ya jioni." Mtangazaji anaweza kuisoma hewani ilivyo. Msikilizaji analiona lile dole gumba lenye wino wa buluu. Na jina la asasi litakuja aya ya tatu, mahali pake.

Namna ya kuituma nayo ina makosa yake. Kosa tunaloliona zaidi ni barua yenye nembo, iliyosainiwa, ikapigwa muhuri, kisha ikapigwa picha kwa simu na kutumwa WhatsApp. Kwa ofisi ya serikali muhuri una maana. Kwa mhariri, picha ya barua ina maana kwamba lazima aketi achape upya maneno 300, na ana taarifa nyingine 20 zinazosubiri ambazo zinanakilika. Itumeni kama maandishi ya kawaida ndani ya ujumbe au barua pepe, na faili la Word kama nyongeza. Muhuri ubaki kwenye nakala ya faili lenu. Kwa redio ongezeni sauti: vipande viwili vya sekunde 20 hadi 30, kimoja cha mwanakisomo na kimoja cha mwalimu, kila kimoja faili lake, pamoja na jina la msemaji. Rekodini ndani, dirisha likiwa limefungwa na feni imezimwa, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni. Chumba chenye godoro, mapazia au nguo nyingi hutoa sauti safi kuliko darasa tupu lenye kuta za saruji. Mkiona wingu, fanyeni mapema: mvua ikianza juu ya bati, hakuna programu ya simu itakayoiondoa.

Takwimu zitoke kwenye daftari la mahudhurio, si kichwani. Tofautisheni walioandikishwa, wanaohudhuria na waliomaliza. Kama waliandikishwa 60, wakafika kwenye jaribio la mwisho 34, semeni zote mbili, na sababu ya wengine kupungua: msimu wa kilimo, kuhama kwa dagaa, mume kukataa, macho kutoona ubaoni jioni. Habari iliyo bora mara nyingi imejificha kwenye hao 26. Mwandishi makini atauliza mlivyohesabu, na "zaidi ya mia moja" ikikosa daftari nyuma yake, mnapoteza imani yake kwa miaka. Mkitaka kulinganisha na hali ya mkoa, ripoti za Sensa ya 2022 zinatoa kiwango cha kujua kusoma na kuandika. Chukueni cha mkoa wenu, mtaje na chanzo.

Kuhusu tarehe, kisomo kina siku yake: 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1966 na kuanza kuadhimishwa mwaka uliofuata. Wengi huilenga siku yenyewe, nayo ndiyo siku ambayo viongozi wako kwenye maadhimisho makubwa na waandishi wamewafuata. Lengeni siku tatu au nne kabla. Wiki hiyo vyumba vya habari vinatafuta mfano wa mtaani wa kuweka karibu na hotuba, na mfano huo unaweza kuwa wenu. Kwa redio anzeni mazungumzo wiki tatu mapema, kwa gazeti siku kumi, mkumbushe siku mbili kabla, na mpige simu fupi asubuhi ya siku hiyo. Epukeni katikati ya Juni, bajeti ya serikali inaposomwa, na epukeni siku ya ziara ya kiongozi wa kitaifa mkoani kwenu, hamtashinda. Siku nyingine nzuri hazimo kwenye kalenda yoyote. Siku mwanakisomo wa kwanza anaposoma mwenyewe dozi kwenye bahasha ya dawa ya mtoto, hiyo ni habari, na mwalimu anapaswa kujua kuwa akiiona apige simu jioni ile ile.

Kabla ya kualika mtu mwenye kamera, mwambieni mtendaji wa mtaa au kijiji, na kama darasa linatumia chumba cha shule ya msingi, pateni barua ya ruhusa kutoka halmashauri kupitia afisa elimu. Tumeshuhudia waandishi wakizuiwa getini kwa sababu mwalimu mkuu hakuwa na barua, naye alikuwa na haki, kwani shule ni ya watoto na yeye ndiye mwenye dhamana. Barua hiyo ombeni wiki mbili mapema. Nakala moja ikae getini siku ya tukio.

Mgeni rasmi ni baraka yenye gharama. Akija mkuu wa wilaya, waandishi wanakuja kwa wingi, ila kichwa cha habari kesho yake kitakuwa alichosema kuhusu barabara au migogoro ya ardhi, kwa sababu ndicho walichomuuliza. Tena hafla iliyoandikwa saa 3 huanza saa 5. Dawa yake ni kutenganisha mambo: waandishi waalikwe saa moja na nusu kabla ya mgeni, waingie darasani wakati somo linaendelea, wawasikilize wanakisomo wawili au watatu, wapige picha. Hata mgeni asipotokea, habari wanayo. Na ofisi ya mgeni pelekeeni mapema karatasi moja yenye takwimu zenu na ombi moja tu, ili hotuba yake ibebe ujumbe wenu. Viongozi wengi wanashukuru, maana wasaidizi wao walikuwa wakiitafuta karatasi hiyo usiku uliotangulia.

Sasa suala la bahasha, ambalo watu hulizungumza kwa kunong'ona. Baadhi ya waandishi hutarajia nauli au posho mwisho wa hafla, na baadhi ya mashirika makubwa yameizoesha hali hiyo. Maadili ya uandishi, yakiwemo ya Baraza la Habari Tanzania, hayaruhusu habari kulipiwa. Msimamo wetu uko wazi: msitoe. Kikundi kinachoishi kwa michango ya wanachama hakitaweza kuitoa mwaka ujao, na habari iliyolipiwa huandikwa kwa kumridhisha aliyelipa. Msikilizaji anaijua kwa kuisikia. Lakini kukataa bahasha hakumaanishi kumtelekeza mtu. Semeni kwenye mwaliko wenyewe kwamba hakuna posho. Chagueni mahali penye daladala. Kama kijiji ni mbali, gari moja liwachukue wote kutoka mjini na kuwarudisha kwa saa iliyoahidiwa. Chai na maji yawe yale yale wanayokunywa wanakisomo. Na asiyeweza kufika apate kila kitu kwa simu: maandishi, sauti, picha, na namba ya mwanakisomo aliyekubali kupigiwa. Habari nyingi nzuri za vikundi vidogo zimetoka bila mwandishi kukanyaga darasani.

Mkiitwa studio, jueni kwamba kipindi cha nusu saa si nusu saa ya maneno. Ukitoa matangazo, muziki na salamu, mnabaki na dakika 18 au pungufu. Chukueni mambo matatu. Mpelekeeni mtangazaji nusu ukurasa siku moja kabla: darasa ni nini, maswali sita anayoweza kuuliza, na majina yenu. Fikeni dakika 30 mapema. Nendeni wawili, mratibu na mwanakisomo; watatu ni wengi kwa msikilizaji asiyewaona. Namba ya simu itajwe mara tatu, katikati, karibu na mwisho na mwishoni kabisa, polepole, tarakimu mbili mbili. Kisha elekezeni mahali kwa alama ambayo asiyesoma anaitambua. "Jengo lenye bango la kijani lililoandikwa" halimsaidii. "Nyuma ya mashine ya kusaga, pale penye mwembe mkubwa, taa inawaka kuanzia saa 12 jioni" linamfikisha.

Wapigaji simu watauliza yale yale: ni bure kweli? Mnatumwa na chama gani? Nani anawalipa? Mume wangu anaruhusiwa? Mimi nina miaka 60, nitaweza? Jibuni kila moja kwa sentensi moja ya kweli. Daftari ni shilingi ngapi, penseli nani anatoa, mwalimu analipwa au anajitolea. Swali la pesa likijibiwa kwa kuzungukazunguka, wasikilizaji wanahisi kuna mtego, na wana sababu, kwa sababu wameshachangishwa na watu wengi waliotoweka.

Tangazo la kijamii la sekunde 30 linabeba maneno 55 hadi 60 ya Kiswahili, si zaidi, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Lisomeni kwa sauti na saa mkononi. Likizidi, kateni sifa za kikundi, msikate mahali na siku.

Jambo la lugha hamna budi kumweleza mtangazaji kabla taa nyekundu ya studio haijawaka. Enzi za kampeni za zamani tulisema "kufuta ujinga", na neno hilo bado liko midomoni mwa wengi bila nia mbaya. Mwanamke aliyelea watoto sita na kuendesha biashara kwa hesabu ya kichwa, akiitwa mjinga mbele ya mtaa mzima, harudi darasani Jumatatu, na jirani yake aliyekuwa akijipanga kuja naye haji. Mwombeni mtangazaji aseme "wanakisomo", au "wanaojifunza kusoma ukubwani". Mwandikieni maneno hayo juu ya karatasi ya maswali.

Idhini ombeni mara mbili. Mara ya kwanza siku kadhaa kabla, akiwa nyumbani kwake na bila kamera. Mara ya pili baada ya mahojiano, akiwa ameshajua alichosema. Fomu ya idhini asomewe kwa sauti yote, na ridhaa yake irekodiwe kwa sauti, kwa kuwa kumpa asiyesoma karatasi aweke dole gumba ni kurudia jambo lile lile ambalo darasa limekuja kuliondoa. Mweleze kwamba picha ikiingia mtandaoni haitoki, na kwamba wakwe, wadeni na wateja wataiona. Mweleze pia kwamba akikataa, kiti chake darasani hakiguswi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; lakini hata kabla ya sheria, ni heshima ya mtu. Wengine husema ndiyo kwa sauti na hapana kwa sura. Anayechelewa kujibu, mwacheni.

Picha: achaneni na ile ya mstari wa watu 20 wameshika bango. Mhariri wa picha anataka watu wawili au watatu, tendo, na uso au mkono. Mkono wenye magamba ya samaki uliokaza penseli juu ya mstari wa daftari unasema kuliko bango lolote. Pigeni kwa upana, simu ikiwa imelala, mwanga wa dirisha ukiwa nyuma ya mpigaji na si nyuma ya mwanafunzi. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama faili, kwa sababu picha ya kawaida hupunguzwa ubora na gazetini hutoka kama imepakwa ukungu. Chini yake andikeni majina kutoka kushoto, mahali, tarehe na aliyepiga.

Ikitoka na kosa, mpigieni mwandishi kwanza, kwa upole, mkiwa na jambo moja mahususi: namba ya simu si hii, idadi si 270 bali ni 27. Asipoweza kurekebisha, ndipo mhariri, kwa maandishi. Kichwa cha habari ambacho hamkukipenda si kosa, kiacheni. Ikitoka vizuri, shukuruni siku hiyo hiyo, na mwezi mmoja baadaye mpeni taarifa ya kilichotokea. Hiyo ndiyo inayozaa habari ya pili.

Yote haya yanaweza kuharibiwa na simu isiyopokelewa. Kabla ya kipindi kurushwa, tengeni laini moja isiyo ya mtu binafsi, watu wawili wa kuipokea kwa zamu hadi saa 3 usiku, chaji ya akiba, na daftari lenye safu za jina, mahali, anachotaka, na "umesikia wapi?". Hilo swali la mwisho ndilo kipimo chenu pekee cha kweli. Baada ya miezi sita litawaonyesha redio ipi inaleta watu na ipi inaleta pongezi. Hesabuni pia viti. Darasa lenye nafasi 40 likipata simu 150, wengi watakuwa wameambiwa "tutawapigia", na asiyepigiwa hajaribu tena. Afadhali mchelewe kwenda redioni mpaka darasa la pili liwe na mwalimu na taa.

Na mkipokea simu hizo mtagundua kuwa nusu ya wanaopiga si wanakisomo. Ni mtoto wa darasa la sita anayepiga kwa niaba ya mama yake, ni jirani, ni mjukuu. Andikeni jina la mama, si la mtoto, na ombeni kusema naye hapo hapo, japo kwa dakika moja, ajisikie amekaribishwa na mtu mzima mwenzake. Kisha siku ya darasa ikikaribia, msimkumbushe kwa ujumbe wa maandishi. Mpigieni.